MAISHA YA WATU WAKUBWA: MUNGANGA ARCHIBALD GARROD (1857–1936)



Katika ukurasa huu tumezoea kuandika habari za watu ambao hata watoto wadogo wanajua majina yao. Mara hii tumechagua munganga mmoja wa Uingereza. Wanganga wa dunia nzima wanamjua, lakini hapa shuleni pengine ni sisi wa biolojia na kemia tu tuliosikia jina lake. Msitupe karatasi hii mkifikiri ni habari ya wakubwa wa hospitali. Ni habari yetu sisi sote, na mtaona sababu.

Katika vyumba vyetu vya kulala tuko na desturi moja. Mwenzetu akishikwa na homa usiku, ao kichwa kikimuuma, yule wa kitanda cha pili anafungua sanduku lake, anatoa vidonge vilivyobaki vya mwezi uliopita, anamwambia kwamba vilimsaidia sana, basi na yeye achukue. Anafanya vile kwa roho nzuri. Sisi tunaoandika tumefanya vile pia, zaidi ya mara moja. Tuliwaza kwamba dawa ni dawa na mwili ni mwili: kinini kilichoponya huyu kitaponya na yule. Tulipojifunza maisha ya Garrod ndipo tuliona kwamba wazo hili si kweli, na kwamba kuna watu waliokufa juu ya wazo kama hili.

1. Utoto na masomo

Archibald Edward Garrod alizaliwa London tarehe 25 mwezi wa 11, mwaka wa 1857. Baba yake, Alfred Baring Garrod, alikuwa munganga mwenye sifa kubwa. Ni yeye aliyeonyesha, mwaka wa 1848, kwamba damu ya watu wenye ugonjwa wa jongo iko na asidi ya uriki nyingi kupita kiasi. Tukumbuke jambo hilo, kwa maana mtoto alirithi njia ya baba. Baba alitafuta ugonjwa ndani ya kemia ya damu, na mtoto akautafuta ndani ya kemia ya mkojo.

Archibald alisoma katika shule ya Marlborough, kisha akaenda Oxford kusoma elimu ya viumbe na vitu vya asili. Alimaliza mwaka wa 1880 kwa daraja la kwanza. Nyuma ya hapo alijifunza kazi ya uganga katika hospitali ya St Bartholomew's, ambayo ni ya zamani sana pale London, akaenda pia Vienna kuongeza masomo. Mwaka wa 1886 alioa Laura Smith, binti wa munganga mpasuaji wa hospitali ile ile. Walizaa watoto wanne: wavulana watatu na msichana mmoja, Dorothy.

Msifikiri kwamba mlango wa kazi ulifunguka kwake upesi kwa sababu baba alikuwa mtu mkubwa. Hapana. Pale St Bartholomew's alingoja miaka mingi sana. Mwaka wa 1903 ndipo alipewa nafasi ya munganga msaidizi, na mwaka wa 1912 akawa munganga kamili, akiwa na miaka 54. Wakati alipongoja hakukaa bure. Tangu mwaka wa 1892 alitumika katika hospitali ya watoto wagonjwa ya Great Ormond Street, na pale ndipo alipokuta jambo lililobadilisha maisha yake.

2. Mkojo mweusi

Garrod alipenda kuchunguza rangi za mkojo. Wengine wanaweza kucheka. Lakini yeye na mwenzake Frederick Gowland Hopkins, mtu wa kemia ambaye baadaye alipata zawadi ya Nobel mwaka wa 1929, walitumika pamoja kwa uvumilivu, wakitafuta ni vitu gani vinavyoupa mkojo rangi yake.

Siku moja waliletea Garrod mtoto mdogo wa kiume ambaye vitambaa vyake vilikuwa vikiingia weusi. Mkojo ulitoka wa kawaida, lakini ukikaa kidogo katika hewa unageuka kuwa mweusi. Wanganga waliijua hali hii tangu zamani, wakaiita alkaptonuria. Walijua pia kwamba weusi ule unatoka kwa asidi moja iitwayo asidi ya homojentisiki. Lakini inatoka wapi? Wakati ule wengi waliwaza kwamba ni vidudu vidogo ndani ya matumbo vinavyoitengeneza. Katika miaka ile elimu ya vidudu ilikuwa mpya, na kila ugonjwa watu walitaka kumpa kidudu chake. Kama ni kidudu, basi ni ugonjwa wa kuambukiza, na mtu anaweza kuupata siku yoyote.

Garrod alikuwa na mashaka. Aliona kwamba watoto hawa hawakuwa wagonjwa kama wagonjwa wengine. Walikuwa hivyo tangu kuzaliwa, na walibaki hivyo. Tena aliona kwamba hali hii inatokea kwa ndugu wawili ao watatu wa nyumba moja, huku baba na mama hawana kitu.

Basi ikatokea kwamba mama wa jamaa moja kama hiyo alichukua mimba tena. Garrod akaona mlango umefunguka. Kama ni kidudu, itachukua muda mpaka mtoto ambukizwe. Kama ni hali ya kuzaliwa, itaonekana mara moja. Aliomba mwuguzi aangalie vizuri vitambaa vya mtoto tangu saa ya kwanza. Mtoto alizaliwa mwezi wa 3 mwaka wa 1901, na mbele ya siku tatu kutimia vitambaa vilikuwa vimeingia weusi. Kumbe hakukuwa na kidudu. Mtoto alikuja nao duniani.

Ndugu wanafunzi, angalieni jambo hili. Garrod hakuwa na mashine ya bei kubwa. Alikuwa na swali zuri, na mwuguzi mwaminifu aliyeangalia vitambaa usiku na mchana. Jina la mwuguzi yule halikuandikwa katika vitabu vya elimu, lakini bila macho yake kazi isingekamilika.

3. Mtu na kemia yake

Garrod aliendelea kuuliza. Aliona kwamba mara nyingi wazazi wa watoto wenye mkojo mweusi walikuwa watoto wa ndugu, ni kusema baba na mama walikuwa na babu mmoja na nyanya mmoja. Katika Uingereza ndoa za namna hii zilikuwa chache sana. Basi kwa nini zilionekana sana katika jamaa hizi?

Jibu lilipatikana kwa msaada wa William Bateson wa Cambridge. Mnajua habari ya Gregor Mendel na mbaazi zake. Tuliisoma katika kilasi. Mendel alitoa kazi yake mwaka wa 1866, lakini watu hawakuiangalia mpaka mwaka wa 1900. Bateson alikuwa mmoja wa wale walioitangaza. Aliposikia habari ya Garrod, alitambua kwamba ni sheria ya Mendel yenyewe. Mtoto anapokea sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama. Akipokea sehemu yenye kasoro kwa mmoja tu, haionekani. Akiipokea kwa wote wawili, inaonekana. Baba na mama wakiwa kila mmoja anaficha sehemu moja yenye kasoro, kila mtoto wao ana bahati moja kwa nne ya kuipokea pande zote mbili. Na watu wa jamaa moja ndio wanaoweza zaidi kuficha kasoro ya namna moja.

Mwezi wa 12 mwaka wa 1902 Garrod aliandika haya yote katika gazeti la wanganga la London, The Lancet. Ilikuwa mara ya kwanza sheria ya Mendel kutumiwa kueleza ugonjwa wa watu. Lakini Garrod hakuishia kwa mkojo mweusi. Alifikiri mbali zaidi. Alisema kwamba kama vile hakuna watu wawili wenye sura moja kabisa, hivyo hakuna watu wawili wenye kemia moja kabisa ndani ya mwili. Tofauti nyingine ni kubwa, kama huu mkojo mweusi, nasi tunaziona. Nyingine ni ndogo, zimefichwa, hatuzioni mpaka kitu fulani kizifunue. Na kati ya vitu vinavyoweza kuzifunua alitaja dawa. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua kwamba mwili wake unatofautiana na wa jirani, mpaka siku atakapomeza dawa moja.

Mwaka wa 1908 alifundisha mambo haya mbele ya wanganga wakubwa wa London, na mwaka wa 1909 akayatoa kama kitabu juu ya makosa ya kuzaliwa nayo katika kemia ya mwili. Alieleza kwamba ndani ya mwili chakula kinabadilishwa hatua kwa hatua, sawasawa na mzigo unaopokelewa na mtu huyu na kupelekwa kwa mwingine njiani. Kila hatua iko na mtumishi wake, tunayemwita enzimu. Mtumishi mmoja akikosekana, mzigo unarundikana pale pale. Asidi ile ya mkojo mweusi ni mzigo uliorundikana. Miaka karibu 50 baadaye, mwaka wa 1958, watu wa elimu wa Marekani walionyesha kwamba kweli enzimu ile haimo katika maini ya mtu mwenye alkaptonuria. Na mwaka wa 1996 jeni yenyewe ilipatikana. Garrod alikuwa amesema kweli.

4. Vita na huzuni

Watu walimheshimu Garrod. Mwaka wa 1910 aliingizwa katika chama kikubwa cha elimu cha Uingereza, Royal Society. Lakini wazo lake hawakulifuata. Wanganga waliona kwamba magonjwa haya ni machache sana, na kwamba munganga anaweza kutumika miaka 40 bila kuona hata moja. Watu wa elimu ya urithi nao walipenda kuhesabu rangi za maua na kuku, hawakujua kemia. Hivyo kitabu kilibaki katikati ya njia mbili, na pande zote mbili zilipita bila kusimama.

Kisha vita ya mwaka wa 1914 ikaja. Garrod alitumwa kisiwa cha Malta, ambako meli zilileta maelfu ya askari wenye vidonda na magonjwa. Alitumika kule mpaka mwaka wa 1919. Katika miaka hii huzuni ilipiga nyumba yake. Mwana mmoja alikufa vitani mwaka wa 1915. Mwingine aliuawa mwaka wa 1916. Wa tatu aliona mwisho wa vita, na wazazi walimngojea arudi, lakini mwaka wa 1919, akiwa Cologne katika Ujerumani pamoja na majeshi, alishikwa na ile mafua mabaya iliyozunguka dunia, akafa. Wavulana watatu, wote, katika miaka isiyotimia mitano.

Sisi tulisimama hapa katika kusoma. Tulijiuliza mtu anafanya nini nyuma ya pigo la namna hii. Garrod alirudi kazini. Mwaka wa 1920 alipewa kiti cha mwalimu mkuu wa uganga pale Oxford, na alikikalia mpaka mwaka wa 1927. Mwaka wa 1923 alitoa kitabu chake mara ya pili, akakiongeza. Mwaka wa 1931, akiwa mzee wa miaka 73, alitoa kingine, akirudia lile wazo la zamani: kila mtu anazaliwa na kemia yake, na kemia hiyo inasaidia kueleza kwa nini ugonjwa huu unamshika huyu na kumwacha yule, na kwa nini chakula ao dawa isiyodhuru wengi inaweza kumdhuru mmoja.

Binti yake Dorothy alibaki kuwa faraja ya wazazi. Alikuwa mchimbaji wa vitu vya kale, akachimba mapango ya mlima Karmeli. Mwaka wa 1939 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa katika chuo kikuu cha Cambridge. Dada zetu wanafunzi, shikeni neno hili. Lakini baba hakuiona siku ile. Archibald Garrod alikufa Cambridge tarehe 28 mwezi wa 3 mwaka wa 1936.

5. Mbegu iliota nyuma yake

Mtu anaweza kufa na kazi yake ikaanza kuishi. Mwaka wa 1958 George Beadle na Edward Tatum wa Marekani walipata zawadi ya Nobel kwa kuonyesha jinsi jeni zinavyoongoza enzimu. Beadle alisema wazi mbele ya watu wote kwamba Garrod alikuwa amewatangulia miaka mingi. Katika miaka ile ile dawa nazo zilianza kumshuhudia. Tutataja chache, kwa maana zinatugusa.

Ya kwanza ni primakini, dawa ya malaria. Waamerika waliipa askari wao, nao karibu wote waliimeza bila shida. Lakini kwa wengine, zaidi wenye asili ya Afrika, chembe nyekundu za damu zilipasuka, mkojo ukawa wa rangi nyeusi, na nguvu zikawaishia. Ilichunguzwa kwa wafungwa wa gereza moja karibu na Chicago, jambo ambalo leo tunaliona si sawa, kwa maana mfungwa hana uhuru kamili wa kukataa. Mwaka wa 1956 sababu ilijulikana. Watu hawa wana upungufu wa enzimu moja inayolinda chembe za damu, iitwayo kwa kifupi G6PD. Kati ya wanaume weusi wa Marekani karibu 10 kwa mia wana upungufu huu. Uko pia kwa watu wa Sardinia na Ugiriki, ambako kula aina moja ya maharagwe makubwa kunaweza kuleta hatari ile ile. Uko Arabuni, India na Asia ya kusini-mashariki. Na uko kwetu: katika Congo inahesabiwa kwamba karibu mwanaume mmoja kwa watano anao. Duniani kote ni watu karibu milioni 400.

Kwa nini ni wengi hivi? Kwa sababu upungufu huu unasaidia kidogo mtu asiuawe na malaria. Pahali malaria ilikaa maelfu ya miaka, wenye upungufu walipona zaidi na kuzaa zaidi. Basi si laana, wala si alama ya watu dhaifu. Ni ngao iliyoachwa na wazee wetu, lakini ngao hii iko na upande wake mbaya, na dawa fulani zinaugusa.

Ya pili ni izoniazidi, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumiwa mwaka wa 1952. Ini la mtu linaivunja. Kumbe kuna wanaoivunja upesi na wanaoivunja polepole. Kwa wale wa polepole dawa inakaa na kurundikana, mikono na miguu inaanza kuchoma na kufa ganzi, na kinga yake ni vitamini B6. Sasa oneni namna hesabu inavyotofautiana. Katika Ujapani wa polepole ni karibu mmoja kwa kumi. Katika Ulaya ni karibu nusu. Katika Afrika yetu pia ni karibu nusu. Katika Misri ni wanane kwa kumi na kupita. Basi kwa dawa hii Mwafrika wa kwetu anafanana na Mzungu kuliko Mwafrika wa Misri! Rangi ya ngozi haikutuambia kitu.

Ya tatu ni kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi. Yenyewe haina nguvu nyingi. Ni enzimu ya ini inayoigeuza kuwa morfini. Kwa Wazungu 5 hadi 10 kwa mia hawana enzimu hii, na kodeini haiwasaidii. Katika China na Ujapani wa namna hii ni karibu mmoja tu kwa mia. Lakini kuna wengine wenye jeni ile mara mbili ao zaidi, ambao wanaigeuza upesi sana na kupata morfini nyingi mno. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 1996 ulionyesha kwamba katika Ethiopia ni karibu watatu kwa kumi. Kuna watoto waliokufa kwa kupewa kipimo cha kawaida, wakilala na kuacha kupumua. Ndiyo sababu mwaka wa 2017 Marekani ilikataza kodeini kwa watoto wa chini ya miaka 12.

Ya nne ni efavirenzi, iliyotumiwa sana kwa wagonjwa wa ukimwi. Katika Afrika kusini mwa Sahara karibu mmoja kwa watano anaivunja polepole kabisa, wakati katika Ulaya ni wachache zaidi. Kipimo kilichopangwa kule kilikuwa kikubwa mno kwa wengi huku, na watu walipata kizunguzungu na ndoto mbaya. Wengine waliambiwa wamerogwa. Tangu mwaka wa 2019 OMS inashauri dawa nyingine iwe ya kwanza.

Na ya tano ilikuwa dawa ya malaria iitwayo Lapdap. Ilikubaliwa mwaka wa 2003, ikatengenezwa hasa kwa Afrika, ya bei ndogo. Lakini ndani yake kulikuwa na dawa inayopasua damu ya wenye upungufu wa G6PD, ule tuliotaja. Watoto wengi wenye upungufu huo walipungukiwa na damu kwa hatari, na mwaka wa 2008 iliondolewa. Oneni basi: mwaka wa 1956 jambo lilijulikana, na miaka zaidi ya 50 baadaye lilihitaji kufundishwa tena.

6. Tunajifunza nini?

Kwanza, tusidanganyike kufikiri kwamba dawa moja ni ya Wazungu na nyingine ni ya Waafrika. Hesabu tulizotaja zinasema hapana. Tofauti ndani ya Afrika peke yake ni kubwa kuliko tofauti za mabara mengine. Mwaka wa 2020 watu wa elimu, wengi wao Waafrika, walitangaza kwamba walisoma jeni za watu 426 wa makundi 50 ya Afrika, na walikuta tofauti zaidi ya milioni tatu ambazo hazikuandikwa pahali popote mbele ya hapo. Milioni tatu! Hii inaonyesha jinsi miili yetu imechunguzwa kidogo. Dawa nyingi tunazomeza zilipimwa zaidi kwa watu wa inchi za mbali. Nani atachunguza za huku? Hatuoni wengine isipokuwa sisi tunaokaa kwenye mabenchi haya. Ndugu zetu wa kilasi za chini wanaolalamika kwamba biolojia na kemia ni ngumu, wafikiri juu ya jambo hili.

Pili, tusikose usawa. Watu wengi wakimeza dawa nyingi kwa kipimo cha kawaida wanapona vizuri. Mtu asikatae dawa ya munganga ati kwa sababu amesoma gazeti letu, wala asijipunguzie kipimo mwenyewe. Dawa ya kifua kikuu ao ya malaria isipomalizwa, inaleta hatari kubwa.

Tatu, na hili ndilo lililotufanya tuandike, tuache desturi ile ya masanduku. Vidonge vya mwenzako viliandikwa juu ya mwili wake, si juu ya mwili wako. Ukiugua usiku, mwamshe mkubwa wa chumba, naye akupeleke kwa mwuguzi. Tena mwambie mwuguzi mambo yako: kama kuna dawa iliyokudhuru zamani, kama mkojo wako uliwahi kugeuka mweusi nyuma ya kumeza dawa, kama ndugu yako wa tumbo moja alipatwa na jambo kama hilo. Garrod aliyaona mengi kwa kuuliza tu habari za nyumbani. Likizo ikifika, tuwaulize mama zetu na nyanya zetu. Wanajua zaidi ya tunavyofikiri: mtoto gani alivimba, nani alizimia nyuma ya sindano, nani damu yake iliisha. Tuandike katika daftari na kulichunga.

Mwisho, tukumbuke mtu mwenyewe. Angeweza kudharau kitambaa cheusi cha mtoto mmoja, kwa maana hali ile si ya kuua mtoto na ni wachache sana wanaoipata. Lakini alisimama, akaangalia, akauliza. Kutoka kwa kitambaa kile alipata wazo ambalo leo linasaidia munganga kupima dawa kwa mtu, si mtu kwa dawa. Aliliandika, halikusikilizwa, alifiwa na wana wake wote watatu, akaliandika tena. Alikufa bila kuona mavuno yake. Lakini alipanda, na sisi tunakula.

Mwenye swali ao nyongeza atuletee kwa maandishi mbele ya namba inayofuata. Walimu wetu wakiona tumekosea pahali, watusahihishe, tutashukuru.

Sisi, wanafunzi wa biolojia na kemia